Somo Yangu wa Sakania

Kwenye kilio cha Helene, kule Sakania, mama mmoja mzee aliyeketi mlangoni aliniuliza jina langu. Nilikuwa nimetoka Lubumbashi alfajiri, vumbi limenijaa mpaka kwenye kope, na nikajibu bila kufikiri: "Hélène Ngoy Kabulo." Wanawake waliokuwa wakichambua mboga ya lenga-lenga kando yake wakasimamisha mikono. "Weye," mama akasema polepole, "usiseme vile. Huyo njo tunamulilia." Nilibaki nimesimama na kifurushi changu cha sukari, sijui nianzie wapi kueleza, mpaka binti wa marehemu akatoka ndani, akanikumbatia shingoni, akamwambia yule bibi yake, "Kambo, leka aingie. Ni Mama Hélène wa Lubumbashi, somo ya mama." Ndipo wakanisogezea kiti. Lakini siku nzima niliona wakinichungulia, hasa watoto, kama watu wanaotaka kuhakikisha kwamba nakanyaga chini.

Tangu nirudi, kila nikiketi kazini mbele ya kompyuta mawazo yananirudisha kwenye mwaka mmoja tu. Habari za ukoo wangu nitaziacha: baba wa reli, babu wa mgodi, kaskazini ya Katanga tulikotoka. Nyumba nyingi za mji huu zina simulizi hilohilo. Nataka kueleza namna nilivyompata Helene, maana tulikutana kwa sababu mashine ilikataa kwamba tuko wawili.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa masomo ya juu. Nilikuwa nimechagua enformatiki, elimu ya kompyuta, neno ambalo nyumbani lilitamkwa kwa heshima na mashaka pamoja. Taasisi yetu ilikuwa na majengo ya matofali mekundu na kompyuta chache ambazo jioni zilifunikwa vitambaa vya kufuma, kama viti vya sebuleni. Aliyeandikisha wanafunzi alikuwa Mama Bea, mwanamke mnene wa sauti nyororo, aliyekunywa chai kwa mkono mmoja na kupiga herufi kwa mkono wa pili. Aliandika jina langu, akabonyeza, akakunja uso. "Mwanangu, unaisha kujiandikisha." Nikamwambia hapana, ndiyo kwanza nafika. "Masini inasema uko mule tangu jana. Ngoy, Kabulo, Hélène. Unataka nikuandike mara mbili?" Akajaribu tena, mashine ikakataa tena, akanigeuzia kioo cha kompyuta nijisomee mwenyewe: jina hilo lilikuwa limekwisha kuwamo. Nililia palepale. Siku hizo machozi yangu yalikuwa karibu sana. Mama Bea akanipa kikombe chake cha chai, akatuma mtu darasani amwite huyo mwingine.

Akaja msichana mrefu, mwembamba, mwenye fulana ya sufu ya bluu iliyokuwa fupi mikononi. Hakuonekana kuudhika. Alichukua hati yangu ya kuzaliwa, akailaza mezani kando ya hati yake, akainama kuzisoma kama mtu anayelinganisha vitambaa sokoni. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa kwamba kwangu zile e mbili za mwanzo zilikuwa na vialama vyake, kama Wafaransa wanavyoandika, na kwake hazikuwa na kitu. "Kwetu Sakania," akasema, "karani alikuwa na taipureta ya kutoka ng'ambo, ya ku Zambia. Haikuwe na vialama. Weye uko na bikofia, miye sina." Mama Bea alisema mmoja wetu ataenda mahakamani kubadilisha jina, la sivyo angoje mwaka mwingine. Masomo yalikuwa yamekwisha kuanza. Helene akanitazama, pua yangu bado inachuruzika, akamjibu kwa upole, "Mama, leka aingie mu darasa kwanza. Kama kiti ni kimoja, tutakaa bawili." Mama Bea akapunga mkono, maana yake: nendeni, sijawaona.

Somo la hifadhidata lilifundishwa na Asisita Mwamba, msaidizi wa profesa, kijana aliyevaa tai hata wakati wa joto kali. Habari zetu zilikuwa zimemfikia. Alituita mbele ya darasa zima. "Munaona bantu bangapi?" Darasa likajibu bawili. "Masini inaona moja," akasema, akataka tumpe sababu. "Juu ya nini?" Mmoja nyuma akapaza sauti, "Juu ni ya zamani!" na watu wakacheka mpaka nikatamani sakafu inimeze. Helene akanishika mkono. Asisita akangoja kicheko kiishe, kisha akaeleza kwa namna ambayo mpaka leo naitumia ninapowafundisha vijana wa ofisini kwangu. Mashine, alisema, haijui herufi hata moja, inajua namba tu. Kwa hiyo watu walikaa wakapatana: namba fulani isimame badala ya a, nyingine badala ya b, nyingine tena badala ya é yenye alama. Mapatano hayo ndiyo seti ya herufi. "Na katika namba," akasema huku akiandika ubaoni, "hawa wadada wawili hawafanani." Lakini juu ya mapatano hayo kuna sheria ya pili, ambayo kwa Kifaransa tuliiita interclassement. Ni sheria ya kulinganisha. Inaamua nani atangulie nani katika orodha, na nani ahesabiwe sawa na nani. Programu yetu ilitengenezwa na watu wa Uswidi, ikaja na sheria ya kwao, na kwa sheria hiyo e na é ni kitu kimoja, herufi kubwa na ndogo ni kitu kimoja. Tena aliyejenga hifadhidata ya taasisi alikuwa ameamuru kwamba jina ndilo ufunguo, wala mistari miwili isiwe na jina moja.

"Baswidi?" Helene akauliza. "Banatujulia wapi?"

"Habatujue," Asisita akajibu. "Njo shida yenyewe."

Helene hakuwa na mahali pa kulala isipokuwa kwa ndugu wa mbali waliomchoka, kwa hiyo kabla ya mwezi kwisha alihamia kwangu. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Kamalondo kwa Mama Zaina, mjane mshonaji ambaye wazee wake walitoka Maniema. Kilikuwa chumba cha kitanda kimoja, mkeka, jiko la makaa nje ya mlango, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani uliomea kijani wakati wa mvua. Kuta za ndani hazikufika kwenye bati, kwa hiyo tulisikia cherehani ya Mama Zaina kutwa nzima, na maneno yake pia. Jioni ile ya kwanza tulimsikia akimweleza mteja: "Nina wasichana wawili sasa. Ba-Elena." Mteja akauliza kama ni mapacha. "Hapana. Mmoja alikuja na treni ya Sakania, ni Elena wa Treni, mwingine ni Elena wa Machozi." Helene alijifunika uso kwa mto asisikike akicheka. Nilinuna mpaka bukari, ugali wetu, ilipoiva, kisha nami nikacheka. Tulikula samaki wa Kasenga, mkavu, mwenye harufu ya moshi iliyokaa kwenye nguo zetu mpaka darasani, pamoja na sombe, majani ya muhogo kwa mafuta ya mawese. Helene alikula upesi kama mtu wa nyumba yenye watoto wengi, kisha, akiona nimechelewa, alinisogezea kipande cha mgongo alichokuwa amekiweka kando.

Ramadhani ilipofika, tuliona aibu kula mbele ya Mama Zaina, kwa hiyo tulingoja jua litue tule naye. Jioni moja Helene alimsimulia habari za mashine iliyotuona mmoja. Mama Zaina alisikiliza huku akitoa kokwa kwenye tende. "Kwetu watu wa jina moja ni somo," akasema. "Na somo ni ndugu. Hamkuchaguana, mmeandikiwa." Kisha akatugawia tende sawasawa, akala iliyobaki.

Mitihani ya katikati ya mwaka tulifanya sote wawili. Mama Bea aliingiza alama zetu kadiri karatasi zilivyomfikia, na kwa kuwa mstari ulikuwa mmoja, karatasi ya pili ilifuta ya kwanza. Matokeo yalipobandikwa ukutani kulikuwa na Ngoy Kabulo mmoja, mwenye alama nzuri hapa na mbaya pale, mwanafunzi ambaye hakuwa yeye wala mimi. Mama Bea alitueleza kwa huzuni kwamba mwisho wa mwaka baraza litatangaza jina mara moja tu. Mchana ule tulirudi nyumbani. Helene alisonga bukari, akaniwekea sahani, akakaa mkekani, akasema akiangalia mboga, "Chukua weye."

"Nichukue nini?"

"Ile nafasi. Miye nitarudia Sakania. Mwaka kesho nitaanza tena ku fasi ingine. Weye ukirudi nyumbani na mikono mitupu, najua utakufa na machozi."

Alisema hivyo kwa utani, lakini nilimjua tayari. Mikono yake ilikuwa imetulia mno. Na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandikwa. Nilisukuma sahani. "Kama unaenda, miye pia ninaenda," nikamwambia. "Na masini ibaki na muntu mwenye haiko." Alicheka, bukari ingali shavuni, kisha kicheko kikageuka, akaanza kulia kwa kwikwi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Cherehani ikanyamaza upande wa pili. "Nani analia huko?" Mama Zaina akaita. "Ni wa Machozi?" Nikamjibu, "Hapana, mama. Leo ni wa Treni." Tukasikia viatu vyake vikija.

Kesho yake tulimwendea Asisita Mwamba. Alikuna kichwa, akasema kuna njia: kuibadili sheria ya kulinganisha, iwe ile inayoangalia namba kwa namba bila huruma. Tukasongamana wote mbele ya kompyuta mpya ambayo Mama Bea alikuwa ameletewa. Asisita akabadili, nami nikaandika jina langu. Mashine ikakubali. Tulirukaruka mle ofisini mpaka chai ikamwagika.

Furaha ile haikudumu. Kadi yangu ya mwanafunzi ilipotoka iliandikwa HÃ©lÃ¨ne. Kompyuta mpya, kumbe, ilifuata mapatano mapya ya herufi, ambamo é huandikwa kwa namba mbili, na hifadhidata ilikuwa ikisoma kwa mapatano ya zamani, kila namba herufi yake. Helene aliishika kadi mbali na uso. "Sasa kofia imekuwa nyumba nzima," akasema. Hilo lilikuwa la kuchekesha, ila yaliyofuata hayakuwa. Mama Bea alikuwa na desturi ya kutafuta watu kwa herufi kubwa bila alama. Aliandika THERESE, na mashine, iliyofundishwa sasa kutolegeza chochote, ikajibu hakuna Thérèse. Hakuna André, hakuna Désiré. Wanafunzi walikuja kuomba hati zao wakaambiwa hawamo. Darasani tuliitwa kwa majina ya ubatizo, na msichana mmoja wetu, Édith, alizoea kuitwa miongoni mwa wa kwanza. Kwa namba, É yenye alama iko nyuma hata ya Z, kwa hiyo siku hiyo orodha ilipita E, ikapita watu wote mpaka Zawadi, naye amesimama mlangoni uso umemsawijika, akidhani amefukuzwa. Mama Bea alivuka ua kwa miguu yake yenye maumivu, akamkuta Asisita akifundisha, akasema mbele yetu sote, "Mwamba, unirudishie bantu bangu!"

Alimrudishia. Wiki hiyo nilijifunza jambo ambalo limenilisha maisha yangu yote. Asisita aliirudisha sheria ile laini, kwa sababu ndivyo binadamu wanavyotafutana, bila kukumbuka alama. Kisha akaondoa jina lisiwe ufunguo, akampa kila mwanafunzi namba yake. "Jina ni ya kuita muntu," alituambia. "Haiko ya kumufungia inje." Mwishowe akahakikisha kompyuta na hifadhidata zinafuata mapatano mamoja ya herufi. Nikaandika tena jina langu, likatokea safi, na vialama vyake. Tukawa mistari miwili. Ila kulikuwa na ajabu: siku nyingine Helene alitokea juu na mimi chini, siku nyingine mimi juu. Tulidhani mashine inatutania. Baadaye, kazini, nilielewa. Sheria ikisha kusema wawili ni sawa, haiahidi nani atatangulia. Nimelifikiria neno hilo sana kule Sakania, nikiwa nimekaa na wanawake wa kilio.

Zilibaki alama za mitihani iliyopita. Asisita alitoa karatasi zote zilizoandikwa Ngoy Kabulo tu, bila jina la ubatizo, akazitandaza mezani, akatuambia kila mmoja achukue zake. Ilikuwa kazi ngumu kuliko tulivyodhani. Tulikuwa tumeandika kwenye meza moja miezi yote hiyo, kwa kalamu za kuazimana, na mwandiko wangu ulikuwa umeegemea upande wa kwake. Mwishoni ikabaki karatasi moja ya hesabu, yenye alama nzuri sana. "Ni yake," nikasema. "Ni yake," Helene akasema wakati huohuo. Asisita akatuangalia kwa zamu. Nilijua bila karatasi ile nitarudia mtihani baada ya likizo, na Helene alijua hivyohivyo, ndiyo maana alikuwa akinitazama kwa uso mkavu wa mchuuzi wa mpakani. Niliitamani. Sijui kama nimewahi kutamani karatasi namna ile. Lakini niliona saba zake. Sisi tulifundishwa kukata saba kwa kistari katikati. Helene alifundishwa namba na mwalimu aliyetoka ng'ambo, na saba yake ilikuwa tupu. "Muangalie saba," nikamwambia Asisita. Helene akanipiga teke chini ya meza, teke la kweli, ambalo lilibaki na alama siku kadhaa.

Siku ya kutangaza matokeo, ukumbi ulijaa wazazi na unga wa kumwagiana vichwani. Katibu wa baraza alisoma, "Ngoy Kabulo Helene, kwa heshima." Akavuta pumzi. "Ngoy Kabulo Hélène, arudie mtihani." Kwa sikio hakuna tofauti. Watu wasiotujua vizuri walikuja kunipongeza mimi na kumpa pole Helene, naye alizipokea pole zote kwa unyenyekevu, akisema, "Asanti, nitajikaza," mpaka nikasahau kulia.

Wenzetu wote waliofaulu walikwenda makwao. Helene alibaki. Kiangazi chote tulikaa kwenye kizingiti cha Mama Zaina, upepo wa baridi ukipuliza mavumbi, yeye akinieleza hesabu ileile mara ya tatu bila kupandisha sauti. Nilipokosea alisema tu, "Rudia. Tuko na siku." Jumapili moja tulitembea mpaka Karavia, hoteli ya kando ya ziwa, kutazama maji na watu waliovaa vizuri, na hata huko aliniuliza maswali. Likizo ilipokwisha nilirudia mtihani, nikafaulu. Mama Bea ndiye aliyeniambia, kwa kuniwekea mikono miwili mashavuni.

Tulipokuwa tukirudi Kamalondo, mimi nikipanga mwaka wa pili kwa sauti, meza gani tukae, chumba tukipake rangi gani, Helene alisimama kando ya barabara. Mjomba wake wa Ndola, akasema, amempatia nafasi ya masomo huko, karibu na nyumbani, na baba yake anataka hivyo. Angeondoka Jumamosi. Nikamuuliza amejua tangu lini. Tangu mwanzo wa likizo, akasema. "Juu ya nini haukuniambia?"

"Ungelia," akajibu. "Na ukilia, hausome."

Mama Zaina alimshonea blauzi, akakataa kusikia habari ya malipo, akamrekebishia ukosi mara mbili bila sababu. Stesheni nilimpandishia mfuko, akatoa kichwa dirishani, akaniambia nisisahau kufunga dirisha mvua zitakapoanza, na treni ikaondoka ningali nikisema nitafunga. Tulibaki marafiki mpaka mwisho, tukabatiziana watoto, tukapigiana simu kila Noeli. Lakini hatukukaa tena chumba kimoja.

Niliporudi nyumbani nilifanya kazi zote za kawaida. Niliwasha makaa, nikachemsha maji, nikasonga bukari, nikapasha samaki. Mama Zaina aliingia bila kubisha hodi, sindano zingali kifuani, akaangalia chungu.

"Umepika ya wawili."

"Nilisahau, mama."

"Hukusahau," akasema. Akachomoa sindano moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye pazia, akanawa mikono, akaketi mkekani upande wa Helene, akamega.